Picha Mbili za Saa Nne Asubuhi

Mwalimu wetu wa kuchora alikuja na kitabu kizito kuliko Biblia ya kanisani. Alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, asiye na mume, na alikuwa ameletwa katika shule yetu ya misheni, kati ya Thika na Ruiru, atufundishe kushona na usafi wa nyumba. Kuchora alijiongezea mwenyewe. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana alikuwa akipangusa meza ya bwalo mara mbili, anakausha mikono kwa aproni, ndipo anakifungua kile kitabu. Sisi wasichana kumi na wawili wa darasa la mwisho tulimzunguka mikono ikiwa nyuma, kwa sababu hakutaka kuona alama ya kidole hata moja.

Ndani mlikuwa na picha za wachoraji wa Ufaransa wa karne iliyotangulia. Alitueleza kwamba walikuwa marafiki, kwamba wakubwa wa sanaa katika mji wao waliwakataa, wakapanga maonyesho yao wenyewe na watu wakaja kuwacheka.

"Walisema hizi si picha, ni rangi iliyomwagika," alituambia.

Tulinyamaza kwa adabu, maana hata sisi tuliona rangi iliyomwagika.

Majina yao yalitushinda kutamka, kwa hiyo tukawabatiza upya. Mmoja alikuwa amechora marundo ya nyasi, yale yale, asubuhi, adhuhuri, jioni, wakati wa baridi na wakati wa joto. Huyo tukamwita wa Nyasi. Mwingine alipenda wasichana wanaocheza dansi, na kila mara uliona miguu yao kabla ya nyuso. Huyo akawa wa Miguu. Wa tatu watu wake wote walikuwa wameshiba, mashavu mekundu, wamekaa chini ya miti, na jua linapenya kwenye majani na kuwatia madoadoa kwenye nguo. Tulimwita wa Mashavu. Na kulikuwa na mzee mmoja mwenye ndevu aliyechora vijiji, barabara zenye matope na akina mama wameinama wakilima viazi. Tulimwita wa Shamba, na mimi nilimpenda kwa sababu nilijua migongo ile inavyouma.

Mwalimu alikuwa na mchezo wake. Alifunika maandishi chini ya picha kwa kiganja, kisha akauliza, "Nani huyu? Na umejuaje?"

Ilikuwa haitoshi kutaja jina. Ilikuwa lazima useme sababu. Kwa njia hiyo tulijifunza kwamba watu wanaotembea pamoja hawaoni kitu kimoja. Wa Nyasi hakujali kitu chenyewe. Alijali mwanga ulioangukia kitu hicho, na ukikaribia picha yake sana rundo linapotea, unabaki na vipande vya pinki na zambarau. Kwake hakuna kivuli cheusi. Vivuli vyake vyote ni vya buluu. Wa Miguu alimcheka rafiki yake kwa kukaa juani. Yeye alifanya kazi ndani, kwa kumbukumbu, na mstari wake ulikuwa imara, unajua goti liko wapi na mfupa wa bega uko wapi. Tena alikuwa na tabia moja ya ajabu: alikata watu kwa ukingo wa karatasi. Utaona mtu nusu, au mtu anayeongea na mwenzake usiyemwona kabisa.

"Kwa nini anakata?" niliuliza siku moja.

"Kwa sababu ndivyo macho yanavyoona," mwalimu alisema. "Dunia haijipangi ili uichore."

Binamu yangu, binti wa mjomba, ndiye aliyekuwa na kipaji darasani. Tulikuwa na umri mmoja, miaka kumi na saba, na tulilala vitanda vinavyogusana. Alimpenda wa Miguu kuliko wote. Angeweza kuchukua kipande cha mkaa kutoka jikoni, akachora mpishi wetu kwa mistari sita, na ukamjua mpishi kwa jinsi alivyochoka. Mimi mistari ilinishinda. Nilifuata wa Nyasi, nikachora mwanga, na watu wangu walikuwa mpako mmoja tu wa brashi.

Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Watu wa kwetu walikuwa wanahamishwa kutoka vilima vyao na kuingizwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki, na bila pasi, ile karatasi ya ruhusa ya serikali, hukuvuka hata daraja. Baba yangu alikuwa ameshafariki. Mama alichuma kahawa katika shamba la Mzungu ng'ambo ya mto, akiishi katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi, na nilimwona uso kwa uso mara moja kwa muhula. Lakini kutoka kwenye kilima cha shule niliona shamba lote: safu za mikahawa, mibariti iliyopandwa kukinga upepo, meza za kuanikia, na siku isiyo na ukungu mlima wa Kilimambogo kule mbali.

Mwalimu aliomba ruhusa atutoe nje tuchore kama wa Nyasi. Tungekaa mahali pamoja kwa wiki nzima, kila siku saa tofauti, na nyuma ya kila karatasi tungeandika siku na saa. Mwalimu mkuu alikubali mradi tusipite mti wa mwisho wa ua.

Jumanne ilikuwa zamu ya saa nne asubuhi. Tulikaa kwenye nyasi, jua likiwa mkono wa kulia. Mwalimu alipita nyuma yangu, akainama.

"Kivuli cha mti wako kiko upande gani?"

"Kushoto, Mwalimu."

"Basi mbona umekipaka kulia? Jua limehama?"

Nikakifuta kwa kitambaa, nikakirudisha kushoto.

Muda mfupi baadaye watu wawili walitokea kwenye njia ya kuteremka mtoni. Mmoja alikuwa mwanamume mwenye shati la kaki, amebeba debe begani, na bega lake la pili lilikuwa limeshuka kama lililowahi kuvunjika. Tulimjua kwa umbali. Alikuwa mmoja wa wakata matawi wa kahawa, na tulikuwa tumemwona kwenye safu zile mara nyingi. Upande wake wa kulia alikuwa mwanamke mwenye shuka la buluu na kikapu cha kiondo mgongoni. Nilimtambua kabla sijamtazama vizuri. Mama yangu alitembea akirusha mguu wa kushoto nje kidogo tangu aliponizaa mimi. Moyo wangu ulifurahi, basi. Sikufikiri lolote zaidi. Nilichovya brashi nikaweka mpako wa kaki, nikaweka wa buluu kando yake, na kwa ncha ya brashi nikatia doa la kahawia mgongoni.

Binamu yangu kando yangu alikuwa anachora haraka, ulimi nje. Nilipochungulia karatasi yake nilishangaa. Mistari saba au minane, na yule mtu alikuwa pale, bega chini, shingo imepindwa kidogo kuelekea kulia kama anayesikiliza. Anayemsikiliza hakuwepo. Karatasi ilikuwa imeishia hapo.

"Umemkata mwenzake," nilimwambia.

"Nilikuwa namtazama yeye tu," alisema, akacheka. "Si ndivyo wa Miguu hufanya?"

Jumamosi ya wiki iliyofuata ilikuwa siku ya wageni. Mwalimu alibandika picha zetu ukutani bwaloni, na kwa kuwa alitaka wageni waelewe, alizipanga mbili mbili: saa ile ile, macho tofauti. Yangu ya Jumanne ilikuwa kando ya ile ya binamu yangu. Wazazi wachache walikuja, waliopata pasi. Mama hakuja. Walikuja pia ofisa kijana wa Kizungu aliyesimamia upande wetu na mkubwa wa homugadi, wale watu wetu waliopewa bunduki na serikali walinde vijiji. Huyu mkubwa alizaliwa pale pale, na alijua kila mtu na babu yake.

Mwalimu aliwazungusha kwa fahari. Walipofika kwenye picha ya binamu yangu alisema maneno ambayo nimeyasikia maisha yangu yote. Aliyasema kwa Kiingereza, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili mkubwa wa homugadi naye aelewe.

"Tazama mstari wa msichana huyu. Hajui anatomia, jinsi mwili ulivyojengwa, hajafundishwa, lakini yeyote anayemfahamu mtu huyu atamtambua mara moja."

"Kweli," mkubwa wa homugadi alisema. "Mimi namtambua."

Akaibandua picha ukutani, akaigeuza nyuma. Jumanne, saa nne asubuhi, kwa mwandiko safi wa binamu yangu.

Baadaye ndipo tulipoelewa. Jumanne ile adhuhuri homugadi walikuwa wamepata chakula kimefichwa kwenye matete ya mto, unga na maharagwe ya kuchemsha, chakula cha watu wa msituni waliopigana na serikali. Waliwahoji wafanyakazi wote wa shamba. Mtu wa bega alikuwa ameapa kwamba asubuhi ile yote hakukaribia mto, na nyapara wake alimuunga mkono.

Ofisa alimwita binamu yangu. Aliulizwa kwa upole.

"Ulimwona kwa macho yako?"

"Ndiyo, bwana."

"Hapa anasikiliza mtu. Nani?"

"Sijui, bwana. Nilikuwa namtazama yeye. Karatasi iliisha."

Mkubwa wa homugadi alikuwa ameshahamia kwenye picha yangu. Aliitazama kwa karibu, akarudi nyuma, akaikaribia tena. Akaweka kidole penye rangi, jambo ambalo mwalimu asingelikubali siku nyingine.

"Hii imeandikwa saa ile ile. Huyu wa kaki ni yeye. Na hiki cha buluu ni nini?"

Wote walinigeukia.

"Ni kivuli, bwana," nilisema.

"Kivuli cha buluu?"

Ofisa alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa ameweka mkono kooni. Aliitazama ile picha, akanitazama mimi. Mti uliokuwa hatua mbili kutoka kwa yule mtu ulikuwa umelaza kivuli chake kushoto. Kivuli cha mtu wangu kilikuwa kulia, kimesimama wima.

"Kwa wachoraji hawa," alisema taratibu, "vivuli huwa vya buluu. Ndivyo nilivyowafundisha."

Ofisa alikubali kwa kichwa. Alikuwa ameshaona vitabu vya namna ile kwao. Wakaondoka na picha ya binamu yangu, yangu wakaiacha ukutani.

Yule mtu alichukuliwa jioni hiyo hiyo. Tulisikia kutoka kwa mpishi. Alipelekwa Ruiru kuhojiwa, kisha kambini mbali, na baada ya hapo habari zikakatika. Barua haikuja, maiti haikuja.

Binamu yangu hakulia. Alikwenda jikoni akarudisha kile kipande cha mkaa kwenye jiko, akakitazama mpaka kikashika moto. Alhamisi iliyofuata mwalimu hakukileta kitabu. Alitufundisha kutia viraka, akatufundisha viraka mpaka mwisho wa mwaka, na hakuniuliza swali hata siku moja. Mara mbili nilimkuta peke yake darasani akitazama dirishani, na nilipoingia alitoka.

Nilianza kumwona yule mtu. Sisemi alinijia kama mzimu. Nilimwona katika vitu vya rangi ya kaki: gunia lililoanikwa ukutani, ukingo wa njia baada ya mvua, koti la mchungaji wa kanisa. Na kwa kuwa sikuwahi kuuona uso wake, hakuwa na uso. Alikuwa mpako mmoja, umeinama kidogo kulia, unasikiliza. Nilijaribu kumtengeneza kichwani kwa mistari ya wa Miguu, kisha kwa mashavu ya wa Mashavu, nimpe hata tabasamu. Hakukubali. Alibaki vile nilivyomchora.

Miezi kadhaa ikapita, kabla tu ya mitihani, mwanamke mmoja akaja langoni na pasi mkononi. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni, na miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Alikuwa mke wa yule mtu. Aliomba kuwaona wasichana waliomchora mumewe.

Tulitoka pamoja, mimi na binamu yangu. Tulijua amekuja kututukana na tulikuwa tayari. Alitusalimia vizuri.

"Hatukupiga picha hata siku moja," alisema. "Kipande chake, kile kitambulisho, walikichukua pamoja naye. Mtoto huyu alizaliwa baada ya yeye kwenda. Nimesikia kuna picha hapa ambayo ukiiona unamwona yeye mwenyewe. Nimekuja kuiomba."

"Ile walienda nayo," nilisema.

Akamgeukia binamu yangu. "Si ni wewe uliyeichora? Basi nichoree nyingine. Nitangoja."

Binamu yangu aliukubali mkaa niliomletea. Alikaa kwenye jiwe karibu na lango, karatasi magotini, na yule mama akaketi mbele yake akimnyonyesha mtoto. Sijui ni muda gani uliopita. Aliuweka mkaa juu ya karatasi, hausogei, akaubonyeza mpaka ukasagika kuwa vumbi jeusi lisilo na umbo.

"Siwezi," alisema. "Nisamehe, mama. Namwona, lakini siwezi."

Akainuka, akakimbia kuelekea mabwenini.

Nilibaki na yule mama. Nilimwomba angoje, nikaenda kwenye sanduku langu nikaitoa picha yangu, niliyoibandua bwaloni. Niliona haya kumwonyesha. Nilimwambia kwamba si picha nzuri, kwamba watu humo ni madoa tu. Aliipokea kwa mikono miwili, akainyoosha kwa mbali, jinsi mwalimu alivyokuwa akitusihi tufanye na hatukuelewa. Uso wake ukabadilika.

"Ndiye," alisema. "Tazama anavyosimama. Ndiye kabisa."

Alimgeuza mtoto. "Tazama baba."

Kisha akaikaribia, na kidole chake kikatua pale pale kilipotua cha mkubwa wa homugadi.

"Na huyu?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu, na mtoto. Ningesema, huyu ni mama yangu, ndiye waliyekuwa wanamtafuta. Mdomo wangu ulisema, "Hicho ni kivuli."

Aliniangalia bila hasira.

"Mwanangu," alisema, "kivuli hakibebi kiondo."

Akaikunja picha, akaifunga ndani ya leso, akaenda zake. Sikumwona tena.

Mama alinisimulia yeye mwenyewe baada ya Hali ya Hatari kwisha, tukichambua maharagwe nyumbani kwangu Ruiru, nikiwa nimeshaolewa. Sikumuuliza. Alianza tu. Alisema chakula kilikuwa chake na wenzake wawili. Debe lilikuwa zito, na katikati ya mteremko mguu ulimshinda. Yule mtu alikuwa akikata matawi karibu na njia. Alikuja, akambebea.

"Alijua ndani kuna nini?"

"Hakuuliza. Mtu akiona mama amelemewa huuliza? Ndipo nilipomwambia njiani, ili ajue. Akasema, basi twende haraka."

Aliendelea kuchambua.

"Walimpiga Ruiru siku tatu. Mwenzake aliyetoka kizuizini ndiye aliyetuambia. Walikuwa wanataka jina moja tu, la aliyekuwa naye. Angelitaja angerudi kwa mkewe. Hakunitaja."

Nilitaka kumweleza kwamba na mimi sikumtaja. Lakini niliona mambo hayo mawili hayafanani, nikachota konzi nyingine ya maharagwe.

Binamu yangu alisomea uuguzi, akafanya kazi Thika mpaka alipostaafu. Hakushika penseli isipokuwa kwa kuandika. Wajukuu wakimwomba awachoree ng'ombe aliwaambia macho yake mabaya, na macho yake yalikuwa mazima mpaka mwisho. Alinitembelea kila Krismasi. Mwaka mmoja tulikuwa tumekaa nje, akasema ghafla, bila kutanguliza neno lolote, "Ningejua kuchora vibaya kama wewe, yule mtu angekuwa hai."

Hapo ndipo mahali pa kumwambia. Kwamba karatasi yake ilimkata aliyetafutwa, na karatasi yangu ilimwonyesha, na mimi nilimjua na nikasema neno moja. Kwamba mzigo alioubeba peke yake ulikuwa wa watu wawili. Mama alikuwa hai bado, nikajiambia namlinda. Nilisema, "Chai yako inapoa." Mama alipokufa nilipata sababu nyingine, na nyingine.

Tulimzika binamu yangu wakati wa mvua ndefu. Wageni walipoondoka nilikaa jikoni na binti yake mkubwa, naye akaniambia kwamba mama yake aliweweseka siku za mwisho, akiomba radhi kwa mtu ambaye hawakumjua. Aliniuliza kama najua ni nani. Nikamsimulia yote, tangu kitabu mpaka lango la shule. Nilingoja anihukumu. Alisukuma sufuria kando.

"Mama mdogo," alisema, "yule mama aliyekuja kuomba picha. Jina lake nani? Labda mtoto wake yupo. Tungemtafuta."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikagundua kwamba siku ile langoni sikumuuliza.